Diski mbili za nje na gigabaiti 1,300 za picha: nizitayarishe vipi?

Mpiga picha wa Mabanga, Goma

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mpiga picha za harusi na za sherehe za mahari hapa Goma, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili katika kazi hii. Picha zangu, pamoja na zile za marehemu baba nilizozipitisha kwenye skana, zimefikia gigabaiti 1,300 hivi. Karibu zote zimo ndani ya diski moja ya nje niliyoinunua mwaka 2019, na sehemu ndogo tu imebaki kwenye kompyuta. Tangu juma lililopita diski hiyo inatoa mlio wa tik-tik ninapoichomeka, na mara mbili kompyuta imekaa dakika kadhaa kabla ya kuionyesha.

Mlio huo umenirudisha kwenye tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tulipoamriwa kuhama mitaa 10 kati ya 18 ya mji wetu. Niliondoka Mabanga kuelekea Sake, mtoto mgongoni, kamera shingoni, na diski nimeivingirisha ndani ya kitenge kifuani. Kila baada ya hatua chache niliigusa kuhakikisha ipo, kwa kuwa nilijua kwamba ikianguka, harusi za watu zaidi ya mia mbili zimeanguka nayo. Baadaye wateja watatu ambao nyumba zao zilifunikwa na lava kaskazini mwa mji walinijia kuomba picha zao, maana albamu zilikuwa zimeungua pamoja na kabati. Niliwachapishia. Mmoja wao alikaa kwenye benchi la studio akiitazama picha ya mama yake, aliyefariki mwaka mmoja kabla, mpaka nikafunga mlango wa jioni. Tangu siku hiyo ninajua kwamba picha hizi si mali yangu peke yangu.

Nimenunua diski mbili mpya za terabaiti 2 kila moja, zile ndogo zinazopata umeme kwa waya wa USB bila plagi yake. Ninatumia Windows, lakini mwenzangu wa kazi anatumia Mac, naye mara nyingine anahitaji kuchukua picha kwangu. Naomba kujua nizifomati kwa mfumo gani, na kama nilikosea kutonunua SSD, yaani zile diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Ninataka pia kujua kama inatosha kuwa na nakala mbili zinazokaa ndani ya kabati moja, kwa sababu moyo wangu unaniambia haitoshi.

Fundi wa kompyuta, Bukavu

Yaya, pole sana kwa hiyo diski. Nitalijibu swali la kufomati, ila lisitangulie. Diski inayotoa tik-tik mara nyingi ni diski ambayo kichwa chake cha kusomea kinatafuta mahali pake, kinakosa, kinarudi mwanzo na kujaribu tena. Hakuna ajuaye imebakiza saa ngapi. Kwa hiyo kila dakika utakayoiwasha iwe ni ya kutoa picha, wala si ya kuangalia angalia folda. Usiipitishie ile programu ya kurekebisha makosa ya diski, kwa sababu huizungusha kwa saa nyingi na kuandika juu yake, wakati ambapo unachotaka ni kusoma tu na kuondoka.

Chukua diski mpya moja, uiite A, na kwa sasa uitumie kama ilivyotoka kiwandani. Anza na picha za marehemu baba, kisha harusi ambazo hazipo kwenye kompyuta, na zile zilizopo kompyutani ziwe za mwisho. Badala ya kuburuta folda kwa kipanya, tumia amri ya robocopy ambayo tayari imo ndani ya Windows, kwa kuwa faili moja ikikataa kusomeka, amri hiyo huiruka na kuendelea na nyingine. Lakini uiandikie /R:1 /W:1 mwishoni, yaani irudie mara moja tu na kusubiri sekunde moja, tafadhali usisahau. Usipoandika hivyo, robocopy huirudia faili iliyokataa mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na diski yako itakufa ikiwa bado inahangaika na picha moja tu ya keki.

Angalia pia tundu unalochomekea. USB 2 kwa kawaida haivuki megabaiti 35 hivi kwa sekunde, na kwa mwendo huo gigabaiti 1,300 zitakuchukua zaidi ya saa 10. Kwenye tundu la USB 3, ambalo kwenye kompyuta nyingi lina ulimi wa buluu ndani, diski ndogo inayozunguka ikiwa na afya hufikia megabaiti 100 au zaidi, yaani kazi ya saa tatu na nusu hadi nne. Yako ni mgonjwa, kwa hiyo itakwenda polepole zaidi. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyio cha USB katikati, kompyuta iwe na betri iliyojaa, na diski iwe imelala mezani mahali ambapo mtoto hafiki.

Sasa kuhusu kufomati. Mifumo miwili ya kupanga faili inayokuhusu ni exFAT na NTFS. Wengi watakwambia exFAT, kwa sababu Windows na Mac zote huisoma na kuiandika, na maneno yao ni ya kweli. Kasoro yake ni kwamba exFAT haina daftari la mabadiliko. NTFS huandika kwanza pembeni kile inachotaka kubadilisha, ndipo ikibadilishe, hivyo umeme ukikatika au waya ukichomoka katikati ya kazi, ikiwashwa tena hujua ilikuwa imefikia wapi. Kwa exFAT, ajali hiyohiyo inaweza kuivuruga orodha nzima ya faili. Katika miji yetu, ambamo umeme unaweza kukatika mara tatu kabla ya chakula cha mchana, mimi ninachagua NTFS. Mac ya mwenzako itaisoma NTFS bila shida ila haitaandika juu yake, nami naliona hilo kuwa jambo jema: atachukua picha anazohitaji, na hataweza kufuta hata moja kwa bahati mbaya.

Diski B uifomati kikamilifu, yaani uondoe alama kwenye kisanduku cha ufomati wa haraka. Windows itaandika sufuri juu ya diski nzima, na kama kuna sehemu mbovu itajulikana sasa, kabla hujaweka picha ya mtu. Terabaiti 2 zitahitaji saa tano au sita, kwa hiyo chagua siku ambayo umeme umetulia. Usishtuke utakapoona imeandikwa 1.81 badala ya 2. Hujaibiwa: kiwanda kinahesabu terabaiti kuwa baiti trilioni moja kamili, na Windows inahesabu kwa vipeo vya 1,024. A ikiwa ni exFAT, usiifomati leo. Subiri mpaka picha ziwe zimekaa salama mahali pengine pawili.

Mpiga picha mwenzako, Goma

Dada, mimi naongeza jambo moja kwa sababu liliniumiza. Kabla ya kuziamini hizo diski mpya, hakikisha kwamba ni diski kweli. Miaka miwili iliyopita niliuziwa kifaa kidogo kilichoandikwa SSD ya terabaiti 16, kwa bei ambayo haikutosha hata kununua diski ya kawaida ya terabaiti moja. Kompyuta ilikionyesha kuwa na terabaiti 16 kamili, na nikahamishia humo harusi za miezi mitano. Majina ya faili yote yalikuwepo, lakini picha zilikuwa hazifunguki. Nilipokifungua kwa kisu nilikuta kadi ndogo ya kumbukumbu, ile ya simu, imegandishwa kwa gundi juu ya kibao cha kijani. Ujanja wake ni kwamba programu iliyomo ndani yake hutangaza ukubwa wa uongo, na nafasi ya kweli ikijaa, picha mpya huandikwa juu ya za zamani au hupotea kabisa huku kompyuta ikiamini kwamba zimehifadhiwa.

Kuna programu ya bure iitwayo H2testw kwa Windows, na nyingine iitwayo F3 kwa Mac na Linux. Zote mbili huijaza diski kwa data ya majaribio, kisha huisoma yote na kulinganisha. Fanya jaribio hilo kwa B kabla ya kuweka chochote. Familia tano zilinilipa kwa kazi ambayo sikuweza kuwapa, na fedha niliwarudishia, lakini siku zao sikuweza kuwarudishia.

Mtunza picha za familia, Lubumbashi

Binti yangu, moyo wako umekuambia kweli. Nakala mbili ndani ya kabati moja ni nakala moja kwa mwizi, kwa moto, na kwa lava. Mimi ni mzee niliyestaafu, na kwa miaka tisa nimekuwa nikikusanya picha za familia za mji huu, za wafanyakazi wa migodi na wake zao, nyingi zikiwa zimekunjamana ndani ya Biblia na masanduku ya bati. Nazipitisha kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi na kuzihifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, na picha moja ya sentimita 10 kwa 15 hutoka na megabaiti 25 hivi. Kwa hiyo tatizo lako la nafasi ninalijua.

Kanuni ninayoifuata ilienezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: kila picha iwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine kabisa. Kwa watu wa Goma, hayo maneno «mahali pengine» ninawaomba myapime kwa uzito wake. Nyumba ya jirani si mahali pengine. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji wenu na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege; mwaka 2021 ilikuja tena. Kama una ndugu Bukavu, Kisangani au hata huku kwetu, diski ya tatu ikae kwake. Wengine watakushauri upandishe kila kitu kwenye intaneti. Hesabu kwanza: kwa muunganisho unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde (megabiti nane ndizo megabaiti moja), gigabaiti 1,300 zinahitaji siku 60 mchana na usiku bila kukatika, na bado hatujahesabu gharama ya megabaiti. Pandisha zile picha mia mbili ambazo huwezi kuishi bila hizo, ukianza na za baba yako, na zilizobaki zisafiri ndani ya begi.

Kuhusu SSD, hukukosea. SSD haina kitu kinachozunguka, hivyo ikianguka kutoka mezani ina nafasi nzuri ya kupona, na kwa kazi ya kila siku ya mtu anayepanda pikipiki na kamera yake ni chombo bora. Lakini yenyewe huhifadhi data kama chaji ya umeme ndani ya chembe ndogo, na chaji hiyo huvuja polepole inapokaa bila umeme. Kiwango cha viwanda kwa SSD za matumizi ya nyumbani, ambazo zimekwisha kuandikwa mpaka mwisho wa uwezo wake, ni kushika data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30. Iliyo mpya hudumu zaidi ya hapo, ila mimi siwezi kuweka picha za marehemu ndani ya droo miaka minne kwa matumaini hayo. Kwa droo, chukua diski inayozunguka, na uiwashe angalau mara mbili kwa mwaka.

Ukiiwasha, usitosheke na kuona folda zimo. Fungua picha. Linganisha nakala na nakala kwa programu inayosoma yaliyomo ndani ya faili. FreeFileSync ni ya bure na ina chaguo la kulinganisha kwa yaliyomo, si kwa tarehe na ukubwa tu. Mwaka wangu wa tatu niligundua kwamba folda nzima ya picha za kanisa ilinakiliwa vibaya tangu mwanzo, kwa waya mbovu, nami nilikuwa nimekwisha kuzirudisha picha za karatasi kwa wenyewe. Wawili kati yao walikuwa wamehama, na hawakuacha neno la wanakokwenda.

Jambo la mwisho: wateja wako wana haki ya faragha, na diski inayosafiri inaweza kuibwa, hivyo ya harusi uifunge kwa nenosiri. Tumia programu ya kufunga diski: BitLocker ikiwa Windows yako inayo, au VeraCrypt ambayo ni ya bure. BitLocker itakupa ufunguo wa dharura wa tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo isikae na diski. Lakini picha za baba yako ziweke kwenye sehemu isiyofungwa. Siku ambayo wewe haupo, wanao wazifungue bila kutafuta neno ulilokwenda nalo.

Mpiga picha wa Mabanga, Goma

Papa wa Lubumbashi, kaka wa Bukavu, nawe mwenzangu wa hapa mjini, asanteni kwa moyo wote. Nimechukua siku tisa kabla ya kujibu kwa sababu nilitaka nije na majibu ya kazi.

Diski ya zamani nimeiokoa kwa usiku tatu. Usiku wa kwanza nilitoa picha za baba, zote 614, na hakuna hata moja iliyokataa. Harusi zilikuwa ngumu zaidi. Katikati ya folda ya mwaka 2020 mlio ukawa mkali, diski ikapotea kwenye kompyuta, nikaizima, nikaiacha ipoe hadi asubuhi, na iliporudi niliendelea pale ilipoishia. Mwisho robocopy iliandika kwamba faili 41 zimeshindikana. Nilizipitia moja moja kwa majina. Thelathini na nane zilikuwepo kwenye kompyuta. Tatu zimekwenda, zote za harusi moja, na bi harusi huyo nimeshampigia simu kumweleza kabla hajazihitaji.

Baada ya hapo nilifanya kosa la kudhani nimemaliza. Nilipofungua picha ovyo ovyo kama Papa alivyosema, nilikuta moja ya bibi akimfunga mjukuu wake kilemba: nusu ya juu ipo, mikono na vidole vinaonekana vizuri, na kuanzia kifuani kwenda chini ni rangi ya kijivu tupu. Robocopy iliihesabu kuwa imenakiliwa, kwa sababu diski haikulalamika. Nikalinganisha kwa yaliyomo na zile za kompyuta, nikapata nyingine sita za namna hiyo, na zote saba nimezibadilisha kwa nakala nzima.

B imepita jaribio la H2testw, ikafomatiwa kikamilifu kwa NTFS, na sasa ina kila kitu. Nimenunua na ya tatu, C, ambayo nayo nimeijaribu, nikaigawa sehemu mbili: ya harusi imefungwa, ya baba iko wazi. C itakwenda Bukavu kwa dada yangu kwa boti ya Jumamosi. A itafomatiwa C ikishafika salama. Kaka wa Bukavu, swali moja limebaki. Kila baada ya harusi nitaongeza picha kwenye A na B. Je, nitumie ile hali ya programu inayoifanya nakala ifanane kabisa na asili, kama kioo?

Fundi wa kompyuta, Bukavu

Hapana, Yaya. Hali ya kioo hufuta kwenye nakala kila kitu ambacho hakipo kwenye asili, na ndivyo ifanyavyo /MIR ya robocopy. Ukifuta folda kwa makosa leo mchana, usiku programu itaifuta na kwenye B kwa uaminifu mkubwa. Tumia hali ya kuongeza tu, ambayo huandika vilivyo vipya na kuacha vilivyopo. Nafasi itakwisha haraka kidogo, na hiyo ni gharama ninayoilipa bila kusita. A na B zisichomekwe kwa wakati mmoja isipokuwa wakati wa kunakili, kwa sababu umeme ukirudi kwa kishindo huweza kuziua pamoja, na virusi vikiingia huona zote mbili.

Kuhusu C, ichomoe kwa kufuata njia ya kutoa kifaa kwa usalama, usubiri taa izimike na mzunguko usimame, kisha uiweke ndani ya soksi nene na mfuko usioingiza maji, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye sanduku za viatu. Asiyeibeba mwenyewe mkononi asipewe. Ikifika, mwambie dada yako asiichomeke mara moja ikiwa imetoka kwenye baridi ya ziwa. Ikae mezani saa moja kwanza. Kisha afungue picha kumi za baba, kutoka folda tofauti, akuambie kwa simu anachokiona katika kila moja.